Mama Pacha, mpokea siri za watu, na siku mkwe wake alipopanda ngazi

Mji ndio kwanza unaamka. Chini, wauza magodoro wanaburura bidhaa zao kuzitoa nje barazani. Juu yao, katika chumba kidogo cha ghorofa ya pili, mwanamume mwenye shati la ofisini amesimama amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo, kama aliyebeba mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Keti, kaka," mwanamke aliye upande wa pili wa meza anamwambia.

Haketi. "Kwanza hii si yangu," anasema. "Ni ya rafiki yangu."

"Karibuni basi, wewe na rafiki yako."

Mwanamume anacheka bila kutaka, na kicheko hicho kinamlegeza, anakaa. Taulo linafunguliwa. Ndani mna kompyuta mpakato nyeusi, na juu yake kuna stika ya ofisi fulani iliyobanduliwa nusu.

Rafiki huyo, anaeleza, ni karani. Alipata barua pepe iliyojifanya imetoka kwa mkuu wake wa kazi, akaifungua bila kuitazama vizuri, na tangu hapo mafaili yote ya ofisi yamegoma kufunguka. Mkuu wake hajui. Mkewe naye hajui.

"Ameiwasha tena tangu iharibike?"

"Mara nyingi tu. Kila nikiamka naiwasha nione kama…" Anakatisha. Ameshajitaja.

Mwanamke hainui macho kutoka kwenye kalamu yake. Anamsogezea glasi ya maji na kuendelea kwa sauti ile ile. "Usiiwashe tena. Kila ukiiwasha inaandika mambo mapya juu ya yale tunayoyatafuta. Itakaa imezimwa mpaka wenzangu wa maabara watoe nakala. Na mkuu wako itabidi ajue, maana kompyuta ni ya ofisi. Tutazungumza namna ya kumwambia."

Karani anajifunika uso kwa taulo.

"Mimi kompyuta zenyewe sizijui sana," mwanamke huyo anasema baadaye, mteja akishashuka. Karani alikuwa amekubali mwandishi aketi pembeni, kwa sharti kwamba asitajwe. "Kazi yangu ni kukaa na mtu mpaka rafiki yake aondoke, abaki mwenyewe."

Majirani humwita Mama Pacha, kwa sababu ya binti zake wawili waliozaliwa siku moja, na hilo ndilo jina aliloomba litumike hapa. Mengine ameomba yaachwe, asije mteja akafungua gazeti akadhani ndiye aliyeandikwa.

Ana umri wa miaka thelathini na minane. Anapokea wateja katika ofisi binafsi ya uchunguzi wa kompyuta na simu. Watu hupeleka huko vifaa vyao ili wataalamu wachimbue kilichofutwa, kilichoibwa au kilichofichwa, na wakitoe kwa namna ambayo hata mahakama itakikubali.

Ofisi ina watu wanne. Wawili wako maabara, nyuma ya mlango wa chuma, na wateja hawawaoni kabisa. Wa tatu ni mkurugenzi, mkaguzi wa hesabu mstaafu ambaye wote humwita Bosi ingawa hapendi. Wa nne ni yeye.

Kabla ya hapo alikuwa mapokezi katika kliniki ambayo wagonjwa walizinong'ona shida zao dirishani. Alipohamia hapa mshahara ulipungua kwa robo, na mumewe, fundi umeme, akamuuliza kama amelala vizuri. Siku hizi mshahara huo ndio unaolipa kodi ya nyumba na nusu ya ada za pacha.

Kati ya watu kumi wanaopanda ngazi zile, anakadiria, wanne tu ndio ambao kazi yao hupokelewa. Wengi wa wanaorudishwa wameleta simu ya mtu mwingine: ya mume, ya mke, ya binti, ya dada wa kazi.

"Swali langu la kwanza ni lile lile siku zote. Hiki kifaa ni cha nani? Mtu akianza kunijibu kwa hadithi ndefu, najua si chake."

Swali hilo likishapata jibu, yanafuata mengine. Nani alikishika mwisho, na alikifanya nini. Mteja anataka kujua jambo gani hasa, maana anayesema anataka kujua kila kitu huwa bado hajajua anachotafuta.

Kisha anakipiga picha kifaa, anaandika mikwaruzo yake na kitufe kilichong'oka, anakitia katika mfuko unaofungwa kwa lakiri, na yeye na mteja wanatia saini juu ya lakiri hiyo. Kuanzia hapo kila mkono utakaokigusa utaacha jina lake.

Kuna jambo lingine analoangalia kabla ya yote hayo. Kama mteja, au anayetuhumiwa na mteja, ni ndugu au jamaa wa yeyote pale ofisini, mhusika anatakiwa atoke chumbani na kazi aikabidhi kwa Bosi.

"Nilipoisoma kanuni hiyo niliona ni ya makampuni makubwa," anasema Mama Pacha. "Sikufikiri itanikuta mimi, tena kwa mtu niliyemwandalia chai asubuhi ile ile."

Mtu huyo ni mama mkwe wake.

Mama mkwe ni mjane, mshonaji wa miaka mingi, mwenye maneno machache na jicho kali la kuona uzi uliokwenda upande. Alikuja kukaa kwa mwanawe baada ya kupasuliwa goti la kulia. Walipatana tangu siku ya kwanza. Mkwe alifumua sare za shule za pacha akazishona upya, akimtania mama yao kwamba mshono wake unafaa kwa magunia.

Lakini kuhusu kazi yake, Mama Pacha alikuwa amewaficha watu wa nyumbani.

"Nilikatazwa kutaja wateja tu. Hakuna aliyenikataza kusema ofisi yetu inafanya nini," anasema. "Ila mwaka wa kwanza nilimweleza jirani, akaniuliza, kwa hiyo wewe unalipwa kuchungulia watu? Uso ulinishuka. Tangu siku ile nikawa nasema nachapa barua."

Wateja walikuwa na namba yake. Wengi hupiga jioni, wale waliopanda ngazi wakafika mlangoni wakageuka, na sasa wamejipa moyo tena. Simu ikiita, Mama Pacha alikuwa akitoka nyuma ya nyumba, penye karo la kufulia, ili azungumze bila kusikika.

Dirisha la chumba cha mkwe linatazama karo hilo.

"Niliyasikia kwa masikio yangu haya," anasimulia mama mkwe, ambaye mwandishi alimfuata nyumbani kwake baada ya yeye mwenyewe kukubali kuzungumza. Amekaa nyuma ya cherehani, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda. "Anasema, usiogope, hakuna atakayejua. Anasema, njoo asubuhi, usimuulize mtu, pita moja kwa moja, utanikuta peke yangu. Halafu anasema, na mkeo usimwambie kwanza. Wewe ungefikiri nini?"

Mwandishi akainamia daftari lake.

"Basi na mimi ndicho nilichofikiri."

Hakumwambia mwanawe. Anasema mwanawe ni mtu wa kukasirika kimya kimya, na hasira ya namna hiyo anaiogopa kuliko ya makelele. Alitaka kwanza awe na kitu mkononi. Akaikumbuka simu ya zamani ya mkamwanawe, iliyokuwa haikai chaji na ambayo ilitupwa kwenye droo ya jikoni baada ya kununuliwa mpya. Akaichukua, akaifunga kwa kitambaa, akaenda nayo kwa fundi simu wa pale mtaani.

Fundi alihangaika na namba ya siri mpaka akachoka. Akamwambia kwamba mjini kuna ofisi, juu ya duka la magodoro, na kwamba hao hawashindwi na simu yoyote.

Alingoja siku ambayo nyumba ilibaki tupu, akachukua fimbo yake, akaenda.

"Nilipanda kama mtoto anayejifunza kutembea, ngazi moja miguu miwili. Nikifika katikati najiambia, rudi wewe mwanamke. Halafu namkumbuka mwanangu anavyorudi nyumbani mikono imejaa vumbi la ukuta, napanda tena."

Siku hiyo Mama Pacha alikuwa ametumwa kwa wakili kupeleka bahasha, kwa hiyo Bosi ndiye aliyefungua mlango na kumkalisha mteja chumbani. Aliporudi, Bosi alimwambia kwa sauti ya chini, "Kuna mama mtu mzima humo ndani. Goti linamsumbua, na hajataka kuniambia lolote. Kuwa naye mpole."

Kiti cha mteja katika chumba kile kinatazama dirishani na kuupa mgongo mlango. Mama Pacha ndiye aliyekiweka hivyo, ili anayelia asionwe na anayeingia.

Alifungua mlango. Mteja hakugeuka.

"Funga kwanza, mwanangu."

Aliijua sauti kabla ya kuliona sweta la kijivu, ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelinunua. Akafunga mlango. Mkono wake ukabaki kwenye kitasa.

"Nimekuja na jambo la aibu," mteja akaendelea, macho yake yako nje. "Naomba usiniangalie mpaka nimalize. Mke wa mwanangu ana mwanamume mwingine. Simu yake ni hii hapa. Nataka mnitolee maneno yote waliyoandikiana, niyaweke mbele ya mwanangu."

Hapa Mama Pacha anasawazisha karatasi ambazo tayari zimesawazika.

"Kanuni inasema nitoke," anasema. "Hata bila kanuni, adabu tu ilinitaka nikohoe, ajue nipo. Sikufanya hivyo. Nilitaka kusikia. Kila siku nawaambia watu kwamba kuwa na hamu ya kujua hakumpi mtu ruhusa ya kusikiliza. Na mimi nikasimama nyuma ya mama wa mume wangu, nikamwacha aendelee."

Mkwe aliendelea. Alisimulia simu za jioni, karo, na yale maneno aliyoyasikia. Alisimulia jinsi alivyoshindwa kumeza chakula kilichopikwa na mwanamke yule, kisha akakimeza ili asijulikane. Mwishoni sauti yake ikashuka.

"Hata hao pacha, Mungu anisamehe, siku hizi nawatazama nyuso zao."

"Mama," akasema Mama Pacha. "Ni mimi."

Fimbo ilianguka sakafuni. Mkwe hakuinama kuiokota, wala hakugeuka.

"Mwanzo nilidhani masikio yamenidanganya," anasema mama mkwe. "Kisha nikadhani amenifuata, amekuja kunifumania. Ilichukua muda kuniingia akilini kwamba pale ndipo kazini kwake. Nilitamani kupita dirishani, ila na goti lile ningenaswa katikati, watu wa magodoro wangekuja kunitoa."

Anacheka, halafu anaacha kucheka. Anachukua kipande cha kitambaa na kukikunja.

Mama Pacha alimwita Bosi. Mzee huyo aliingia, akawatazama wote wawili, akaelewa haraka kuliko alivyopenda. Hata hivyo ilibidi aulize.

"Simu hii ni ya nani, mama?"

Mkwe akaonyesha kwa kidevu bila kumtazama mkamwanawe. "Ya huyo."

"Basi hatuwezi kuigusa. Samahani sana, mama."

"Mimi ndiye mwenye simu," Mama Pacha akasema. "Nakubali ifunguliwe. Nipe karatasi ya ridhaa nitie saini sasa hivi. Watoe kila kitu wampe, asome."

Bosi alikataa. Anakumbuka alivyosema, na alipoulizwa na gazeti hili aliyarudia maneno yake bila kubadilisha. "Nilimwambia, umeshikwa na aibu, na mtu aliye hivyo husaini chochote. Wewe mwenyewe umenifundisha nisiwakubalie wateja wa namna hiyo. Nenda nyumbani na mama."

Kwa hiyo simu haikufunguliwa. Ushahidi kwamba Mama Pacha hakuwa na kosa ulikuwa ndani yake, au labda tuseme ndani yake hamkuwa na ushahidi wowote wa kosa, lakini ilirudi kwenye kitambaa chake vile vile ilivyokuja.

Walipita mbele ya benchi la wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu, wote wakitazama viatu vyao. Kisha zikaja ngazi. Kupanda mkwe aliweza peke yake, ila kushuka goti lilikataa kabisa, na fimbo haikutosha. Ikambidi amshike mkono mkamwanawe, yule yule aliyetoka kumsema.

Walishuka polepole, ubavu kwa ubavu. Penye kona ya ngazi wakapumzika.

"Kwa hiyo hao wanaokupigia jioni," mkwe akasema, "ni watu wa hapa?"

"Ni watu kama wewe, Mama," Mama Pacha akajibu. "Wanaona haya kusema mchana."

Mkwe akauachia mkono wake. Ngazi zilizobaki alizishuka ameshika ukuta.

"Ningesema ndiyo, ni wateja, yakaisha," anasema Mama Pacha. "Nilichagua yale maneno. Nilitaka yamuume kidogo. Niliona mgongo wake ulivyojikunja, nikajua yamemuuma zaidi ya nilivyotaka, na hayarudi."

Walipofika nyumbani mama mkwe alikusanya nguo zake. Aliomba jambo moja tu, kwamba mwanawe asijue. Mama Pacha akakubali.

Kila mteja anayeketi katika kile kiti huambiwa kwamba atakayoyasema humo hayatatoka nje, hata kama kazi yake itakataliwa. Ile ya mkwe haikupokelewa. "Lakini maneno yake nilishayapokea," anasema. "Tena kwa kunyamaza. Ningeanzaje kuyatoa?"

Mume alirudi jioni akakuta chumba cha mama yake kimefagiliwa.

"Mama yuko wapi?"

"Amesema anataka kwake."

"Na goti lile?"

"Nimempandisha gari."

"Umempandisha gari," mume akarudia. Alisimama mlangoni mwa jikoni akimtazama anavyoosha vyombo. "Umemfanya nini mama yangu?"

Mama Pacha akaendelea kusuuza. Mume hakuuliza tena, na huko kutouliza ndiko kulikoijaza nyumba. Alikula akiwa amesimama. Alizungumza na pacha, na salamu za mkewe alizipitishia kwao. Mawifi wakapigiana simu. Habari ikaenea kwamba fulani amemfukuza mama wa watu na mguu wake mbovu.

Katika harusi moja ya upande wa mume, wanawake walikaa uani wakimenya vitunguu. Mama Pacha alivuta kigoda akakaa nao. Mazungumzo yakapungua. Visu vilikuwa vingi kwenye sinia, lakini hakuna aliyemsogezea hata kimoja, naye akashindwa kunyoosha mkono kuchukua. Alikaa pale mikono yake ikiwa mapajani hadi kazi ilipokwisha.

"Nilitamani kusimama niseme yote," anasema. "Halafu najiuliza, nikisema, yule mama atauweka wapi uso wake? Na mimi je, nitasema na ya kwenye ngazi, au nitayaruka?"

Hali hiyo ilidumu karibu nusu mwaka.

Aliyeivunja ni mama mkwe. Binti yake mmoja alimpelekea habari, kwa furaha kidogo, kwamba kaka yao amechoka na amesema atamrudisha mwanamke yule kwao akapumzike. Mkwe anasema alimsikiliza bintiye mpaka mwisho, akamaliza kushona mkono wa gauni uliokuwa kwenye cherehani, kisha akampigia mwanawe.

"Nilimwambia, weka sauti kubwa, na mkeo aje akae hapo. Nikaanza na droo ya jikoni. Nikaenda kwa fundi simu, nikapanda zile ngazi, nikaingia kwenye kile chumba. Hata lile la pacha nililisema, maana ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Mwanangu hakunikatiza. Nikamaliza, nikamwambia, mkeo amekaa na aibu yangu nusu mwaka, na wewe umemtendea kama yake."

Mume wake alikubali kusema machache. "Nilikuwa nikimhesabia kosa mtu asiye nalo, kila siku, mezani," anasema fundi umeme huyo. "Mama alipokata simu sikujua nianzie wapi. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo."

Ukoo ukaelewa, na baadhi ya mawifi wakaja kuomba radhi na wengine wakaleta zawadi bila kutaja sababu. Kwa macho ya watu, Mama Pacha amesafishika. Yeye mwenyewe haoni hivyo.

"Wananiambia nimeshinda. Nimemshinda nani? Mama ameyatoa yake yote mbele ya mwanawe. Mimi yangu bado ninayo. Yale ya kwenye ngazi hakuna aliyeyasikia ila yeye, na siku ile kwenye simu aliyaacha. Alisimulia kila kitu, alipofika kwenye ngazi akasema tulishuka, basi."

Mwandishi alipomuuliza mama mkwe kuhusu ngazi zile, alikuwa akitunga uzi kwenye sindano.

"Ngazi ni ngazi," akajibu. "Goti lilikuwa linauma."

Aliulizwa kama hana wasiwasi kuona habari zake gazetini. "Nimeshayasema kwa mwanangu," akasema. "Gazeti litanifanya nini zaidi? Andika. Labda kuna mama mwingine huko anafunga simu ya watu kwa kitambaa."

Kazini, Mama Pacha amebadilika kidogo. Majirani sasa wanajua ofisi yake inafanya nini, kwa sababu amewaambia, na anayemuuliza kuhusu kuchungulia humjibu. Mtu akileta simu isiyo yake, hamrudishi mara moja kama zamani. Humwuliza, "Mwenye simu akifungua mlango huo sasa hivi, utamwambia nini?" Wengine hukasirika. Wengine hukichukua kifaa na kuondoka, na wapo waliopiga simu baadaye kumwambia kwamba wamemrudishia mwenyewe.

Anasema hajui kama anawasaidia au anajisaidia.

Mama mkwe hajalala tena katika nyumba ya mwanawe. Yeye na mkamwanawe huamkiana kwa simu. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, goti je, goti linaendelea, haya mwanangu, haya Mama. Simu inakatwa. Kila mara, anasema Mama Pacha, kabla tu ya kukata panapita kimya kifupi ambacho kila mmoja anangoja mwenzake akijaze.

Mwezi ujao mama huyo atapasuliwa goti la kushoto. Binti zake wana watoto wachanga, na kwa mwanawe amekataa kwenda. Amesema atamtafuta mwanamke wa jirani amsaidie kuoga na kumfunga bandeji.

Mama Pacha ameomba likizo yake yote ya mwaka. Kwenye nafasi ya sababu ameandika "kumuuguza mama", na Bosi ametia saini bila kuuliza. Mume atabaki na pacha, atawaleta siku za mapumziko. Mkwe mwenyewe bado hajaambiwa.

"Nikimpigia kumuuliza atasema usijisumbue, na mimi nitafurahi kusikia hivyo, ndiyo maana simuulizi," anasema. "Nitafika na mfuko wangu wa nguo, niweke ndani, niombe maji ya moto."

Anajua jeraha la goti husafishwa kila siku, kwa sababu lile la kwanza ni yeye aliyelisafisha. Anajua pia kwamba kazi hiyo mtu huifanya amepiga magoti.

"Nitamwambia, Mama, yale ya kwenye ngazi niliyakusudia. Naomba unisamehe. Akitaka kunijibu, atanijibu. Asipotaka, nitamaliza kufunga bandeji, na kesho yake nitaifungua tena."